Kikao cha Nidhamu na Mtoto Asiyetulia: Mjadala kutoka Meru na Embu

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kudhibiti umakini wake, mwendo wake na pupa yake kwa kiwango kinachotarajiwa kwa umri wake. Kwa Kiswahili huelezwa kuwa upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi. Wazazi wengi wa Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago hawaijui kwa jina lolote kati ya hayo. Wanachokijua ni barua inayoletwa na mtoto mwenyewe, imekunjwa mara nne mfukoni, ikimtaka mzazi afike shuleni Jumatatu saa mbili asubuhi. Ndiyo maana katika kaunti hizi mbili za mashariki mwa Mlima Kenya hali hii huingia kwanza katika kumbukumbu za shule kama kosa. Mahali panapoamuliwa kama mtoto atabaki darasani au ataondoka ni kikao cha nidhamu, wala si kliniki.

Sauti za kikao hicho zinatambulika. Kuna naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye huandika makosa. Kuna mwalimu wa darasa. Kuna mjumbe wa Bodi ya Usimamizi, mara nyingi mzee aliyesoma shule hiyohiyo. Kuna mama wa mtoto, na pengine nyanya aliyemlea. Afisa wa tathmini ya elimu maalum ndiye angefaa zaidi kuwepo, lakini kwa kawaida hayupo. Katika mjadala huu amepewa kiti.

Mashtaka nayo hufanana. Mvulana wa miaka 11, Gredi ya Tano, ametoka darasani bila ruhusa mara nne kwa wiki. Hujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Amepoteza vitabu vitatu muhula huu. Kwenye foleni ya githeri amemsukuma aliye mbele yake, sahani ikapinduka, na mwenzake akaungua mkono. Kosa hilo la mwisho ndilo lililoandikiwa barua. Mengine yameongezwa kuonyesha kwamba ni mazoea.

“Mzazi, hapa hatuna chuki na mtoto wako,” naibu huanza, na mara nyingi ni kweli. Hoja yake ina uzito. Darasa lina watoto 58. Mwalimu anayekatiza somo mara kumi ili kumrudisha mmoja kitini anawapunja 57 waliobaki. Yule aliyeungua naye ana mama, na mama huyo atafika kesho kuuliza shule imechukua hatua gani. “Nikimsamehe huyu kwa sababu hatulii, nitawaambia nini wale wanaojikaza wakatulia?” Kwa naibu, nidhamu ni sheria moja kwa wote, na sheria inayobadilika kwa ajili ya mtoto mmoja imekwisha kuvunjika.

Mama hujibu kwa maneno yanayomuumiza mwenyewe. “Mwalimu, hata nyumbani ni hivyo hivyo. Nikimtuma maji anasahau njiani, anarudi na mtungi mtupu. Nimemchapa mpaka mkono ukachoka.” Huyasema kwa aibu, akidhani anakiri kwamba malezi yamemshinda.

Hapo afisa wa tathmini angechukua kalamu, kwa kuwa mama ametoa ushahidi bila kujua. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataka mtoto awe na dalili sita au zaidi za kutomakinika, au sita au zaidi za utukutu na pupa, na dalili hizo ziwe zimedumu miezi sita. Baadhi ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Tena zionekane mahali pawili au zaidi. Mtoto anayesumbua katika somo la mwalimu mmoja tu huenda ana ugomvi na mwalimu huyo. Anayesahau mtungi mtoni, kitabu darasani na sweta kanisani ni habari nyingine, na mama aliyedhani anajishtaki ndiye aliyeitoa.

Mjumbe wa bodi hukohoa. “Hiyo ADHD ni ya Wazungu. Sisi tulikuwa na watoto watundu, wakakua wakawa watu.”

Ni kweli kwamba maelezo ya kwanza yanayotajwa sana yalitolewa London, na daktari wa watoto George Still, katika mihadhara yake ya mwaka 1902. Ugonjwa kuelezwa kwanza mahali fulani hakuufanyi kuwa wa mahali hapo. Uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2007 ulikusanya tafiti 102 kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kupata wastani wa takriban asilimia 5.3 ya watoto na vijana. Tafiti za Afrika zilikuwa chache humo, kwa hiyo takwimu hiyo ishikwe kwa mkono mwepesi. Hata hivyo, ikiwa inakaribia ukweli, darasa la watoto 58 lina watatu wa namna hii, na wawili kati yao hawajawahi kuandikiwa barua. Mmojawapo huenda ni msichana. Wasichana wenye ADHD mara nyingi hawarukiruki. Hukaa kimya, hutazama dirishani, huacha kazi nusu, na ripoti ya muhula husema “aongeze bidii”. Msichana kama huyo haitwi mbele ya kamati yoyote, na hakuna anayemtetea kwa kuwa hakuna aliyemshtaki.

Kuhusu watundu waliokua wakawa watu, mjumbe anawakumbuka waliofaulu kwa sababu ndio anaokutana nao. Walioacha shule Darasa la Sita hawaketi kwenye bodi. Lakini kuna upande ambao mashaka yake yana faida. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba mtoto aliye mdogo kuliko wenzake wote darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi, kumbe ni uchanga tu. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hajali. Kifafa cha kuduwaa, usingizi mbaya, njaa, msiba wa nyumbani au kipigo cha baba mlevi vyote huweza kuvaa sura ileile. Mzee anayesema “tusiharakishe kumpa mtoto ugonjwa” anasema jambo ambalo daktari mwangalifu naye husema. Kosa lake ni kwamba yeye hutaka adhabu iharakishwe.

Nyanya, akiruhusiwa kusema, huja na elimu yake. “Huyu alichukua jina la babu yake, na miguu yake akachukua.” Katika desturi ya Embu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na jamaa huangalia tabia gani imerudi pamoja na jina. Tafiti za mapacha zinakubaliana naye kwa njia yao: sehemu kubwa ya tofauti kati ya watoto katika hali hii, takriban asilimia 70 hadi 80, huhusishwa na urithi. Basi huenda nyanya anaeleza familia nzima, pamoja na baba wa mtoto, ambaye hajafika kikaoni kwa sababu amesahau siku. Hilo halisemwi kwa kumdhihaki baba. Mzazi mwenye hali ileile huhitaji kukumbushwa siku ya kikao kwa simu asubuhi yake, na shule inayojua hivyo hupata wazazi wawili badala ya mmoja.

Swali la ubongo ndilo linalobadilisha maana ya kosa. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani walilinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo. Nusu ya maeneo ya gamba la ubongo ilifikia unene wake wa juu kabisa kwa wastani katika miaka 7.5 kwa watoto wa kawaida, na miaka 10.5 kwa wenye ADHD, na ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu ya mbele inayohusika na kujizuia na kupanga. Njia ya kukua ni ileile, ila hupitwa kwa kuchelewa. Mtoto huyu wa miaka 11 anaijua kanuni ya foleni na anaweza kuikariri mbele ya kamati bila kukosea neno, jambo ambalo huwakasirisha walimu zaidi: “Kumbe anajua!” Kujua anajua. Kinachomkwamisha ni ile nukta ya sekunde kati ya kutamani na kutenda, ambamo mwenzake hupata nafasi ya kujizuia.

“Basi asiadhibiwe?” naibu huuliza, na hapo mjadala hufika kwenye kiini chake.

Afisa wa tathmini hasemi hivyo, na mtetezi yeyote wa mtoto akisema hivyo ameshindwa kabla ya chai ya saa nne. Mtoto aliyeungua mkono ana haki. Aliyemuunguza anapaswa kuomba radhi na kurekebisha alichoharibu. ADHD haifuti tendo. Inachobadilisha ni jibu la shule: adhabu iwe ya papo hapo, fupi, inayohusiana na kosa, na iambatane na badiliko litakalopunguza uwezekano wa kosa kurudiwa. Kwa mfano huu, mtoto asipange foleni katikati ya msukumano; apewe kazi ya kugawa vijiko, au ahudumiwe wa kwanza au wa mwisho. Kumnyima mapumziko, ambayo ndiyo adhabu rahisi kuliko zote, humfunga mtoto anayehitaji kukimbia kuliko wote, na somo linalofuata ndilo hulipa.

Mjumbe ana dawa ya zamani. Kiboko, anasema, kilimnyoosha kila mtu.

Historia ya kiboko nchini Kenya ni ya kisheria zaidi kuliko wazee wanavyoikumbuka. Kanuni za Nidhamu ya Shule za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko, lakini si kwa mwalimu yeyote wala wakati wowote. Kilipaswa kutolewa na mwalimu mkuu au mbele yake, baada ya uchunguzi, penye shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine, kisizidi mapigo sita, na kiandikwe katika kitabu. Ruhusa hiyo iliondolewa kwa Tangazo la Kisheria nambari 56 la mwaka 2001, miaka miwili baada ya ripoti ya Human Rights Watch kuhusu viboko katika shule za Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 29, ikapiga marufuku adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, ikaweka adhabu kwa anayempiga mwanafunzi au kumtesa kiakili: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kuna jambo la kusikitisha katika mfuatano huo. Kiboko kinachopigwa leo kwa siri nyuma ya stoo hakina hata ule uchunguzi na ile kumbukumbu ambavyo kanuni za 1972 zilivitaka. Ndivyo ilivyo pia kwa adhabu zilizochukua nafasi yake, kama kung'oa kisiki, kufyeka uwanja au kupiga magoti kwenye kokoto, ambazo walimu wengi hawazihesabu kuwa adhabu ya mwili.

Kwa mtoto mwenye ADHD kiboko kina kasoro moja zaidi: hakifundishi. Adhabu hutegemea kumbukumbu ya maumivu ya jana isimame mbele ya tamaa ya leo, na kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo dhaifu kwake. Mtoto huyo hupigwa mara nyingi kuliko wenzake wote kwa kosa lilelile, na idadi ya mapigo huhesabiwa kuwa ushahidi wa ukaidi wake badala ya kuwa ushahidi kwamba njia haifanyi kazi. Mama aliyechoka mkono alikwisha kuligundua hilo nyumbani.

Mwalimu wa darasa, aliyenyamaza hadi hapa, ana malalamiko ambayo ni haki kuyasikiliza. Serikali ilichukua kiboko, asema, na mahali pake ikaacha waraka. Mshauri nasaha wa shule ni mwalimu wa hisabati mwenye vipindi vyake. Chuo kilimfundisha elimu maalum kama mada ya wiki mbili. Vyuo vya ualimu vya eneo hili, Meru, Egoji na Kigari, sasa vinafundisha mtaala wa diploma ulioanza mwaka 2021 wenye somo la elimu jumuishi, lakini walimu wengi walio madarasani leo walihitimu kabla yake. “Nipeni mnachotaka nifanye siku ya Jumanne saa tatu, watoto 58 wakiwa mbele yangu.” Ombi hili ndilo la maana kuliko yote yaliyotolewa kikaoni, na jibu lake halihitaji pesa nyingi. Aketi mbele, mbali na dirisha na mlango. Maagizo yatolewe moja moja, si matatu kwa pumzi moja. Kazi ya hesabu kumi igawanywe mara mbili. Awe ndiye mfutaji wa ubao na mchukuaji wa chaki, ili mwendo anaouhitaji uwe na ruhusa. Mwalimu na mtoto wapatane ishara ya siri, kama kugusa pembe ya dawati, badala ya kuliita jina lake mara ishirini kwa siku mbele ya wenzake. Na kuwe na daftari dogo linalokwenda nyumbani kila jioni lenye mambo mawili au matatu tu ya kuwekewa alama, mama alitie sahihi na kulirudisha, na siku njema ipate zawadi siku hiyohiyo. Zawadi ya mwisho wa muhula kwa mtoto huyu ni sawa na zawadi ya mwaka ujao.

Dawa ipo pia. Methylphenidate, inayojulikana kwa jina la biashara Ritalin, huwasaidia watoto wengi, lakini huuzwa kwa cheti cha daktari tu na huhitaji ufuatiliaji wa hamu ya chakula, usingizi, uzito na mapigo ya moyo. Madaktari bingwa wa akili za watoto nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi, takriban kilomita 130 kutoka Embu na zaidi ya 220 kutoka Meru. Hospitali kuu za kaunti hizi mbili ndiyo milango ya kwanza ya rufaa. Shule haina mamlaka ya kumwambia mzazi kwamba mtoto hatarudi hadi ameze dawa, wala ya kumzuia akimeza.

Hukumu inayopendekezwa mara nyingi ni mtoto “apumzike nyumbani wiki mbili”. Huonekana kuwa adhabu ya huruma. Mahali pengine ingekuwa hivyo. Igembe na Tigania, huko Meru, si mahali pengine. Mvulana aliyerudishwa nyumbani katika Nyambene hukuta miti ya miraa inasubiri vidole vyepesi, na mvulana asiyetulia ndiye hupanda mti upesi kuliko wote. Hulipwa jioni ya siku hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani utukutu wake una bei, malipo hayachelewi, na hakuna anayemtaka akae kitini. Upande wa Mbeere, huko Embu, muguka hufanya kazi ileile. Uchumaji wa miraa na muguka umelalamikiwa kwa miaka mingi na walimu na machifu kwamba unawatoa wavulana shuleni, na shule hiyohiyo inayolalamika hujikuta imewapeleka huko yenyewe kwa barua yenye muhuri. Wiki mbili kwa mtoto kama huyu zinaweza kuwa mwisho wa masomo, na kikao kinachozitoa kinapaswa kulijua hilo kabla ya kupiga kura.

Je, sheria inasema nini? Marekani ina hatua ambayo Kenya haina. Tangu marekebisho ya mwaka 1997 ya sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu, shule ikitaka kumwondoa mtoto kama huyo kwa zaidi ya siku 10 za masomo lazima ikutane na wazazi na kujiuliza kwanza kama tendo lilitokana na ulemavu. Sheria ya leo ina swali la pili pia: au lilitokana na shule kushindwa kutekeleza mpango wake wa elimu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo mawili, kumfukuza hakuruhusiwi, isipokuwa katika mambo mazito kama silaha, dawa za kulevya au jeraha baya, ambapo anaweza kuhamishwa kwa muda. Swali la pili ndilo lenye makali, maana linaigeuza kamati ijitazame.

Kenya haina kifungu kimoja kinachosema hivyo, lakini vipande vyake vipo, na kazi ya mtetezi ni kuvishona. Ibara ya 260 ya Katiba inauelezea ulemavu kwa upana, ikiweka ndani yake hali ya kiakili na ya kisaikolojia inayoathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu shughuli za kawaida za kila siku. ADHD iliyothibitishwa na daktari inaweza kukaa humo bila kusukumwa. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Ibara ya 53 inafanya maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inarudia hilo. Ibara ya 47, pamoja na sheria ya mwaka 2015 ya hatua za haki za kiutawala, inamtaka anayeamua atoe taarifa mapema, asikilize, na aandike sababu. Juu ya yote, kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza mwanafunzi kufukuzwa. Kinaacha mlango mmoja mwembamba: kanuni za waziri, kwa mtoto ambaye hatua nyingine zote za kumrekebisha zimekwisha kujaribiwa, na baada ya yeye na mzazi wake kusikilizwa.

“Hatua nyingine zote.” Maneno hayo ndiyo ngao ya mtoto. Naibu akisema wamejaribu kila kitu, mama ana haki ya kuuliza kwa upole: “Mwalimu, ni hatua zipi, na zimeandikwa wapi?” Ikiwa orodha ni kiboko, kisiki, barua, kiboko, basi hatua nyingine bado hazijaanza.

Mjumbe husema huu ni uanasheria ulioletwa kutoka Nairobi. Lakini Meru ina mazoea yake ya kusikiliza. Baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake ya jadi Nchiru, lilijengwa juu ya wazee kusikiliza mgogoro kwanza na kuamua baadaye. Mzee wa bodi anayekubali mtoto atolewe nje ya chumba wakati kesi yake inasomwa amesahau alichofundishwa nyumbani kabla ya kusoma sheria yoyote. Mtoto wa miaka 11 anaweza kusikilizwa. Aulizwe kwa sentensi fupi, asitakiwe kusimama wima nusu saa, wala asihukumiwe kwa kuchezea kifungo cha shati wakati akijibu. Kuchezea kifungo ndiko kunakomwezesha kusikia.

Kinachopungua katika vikao hivi ni karatasi. Mama ana maneno, naibu ana daftari la makosa lenye tarehe, na mahali penye daftari maneno hushindwa. Kwa hiyo utetezi unaofaa huanza kabla ya kosa. Hatua ya kwanza ni barua fupi ya mzazi kwa mwalimu mkuu, yenye tarehe, ikieleza yanayoonekana nyumbani na kuomba mtoto apelekwe tathmini; nakala yake igongwe muhuri na kubaki kwa mzazi. Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu maalum vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na leo viko chini ya maafisa wa elimu wa kaunti na kaunti ndogo. Hupima kusikia na kuona kwanza, huzungumza na mzazi na mwalimu, na huandika ripoti yenye mapendekezo. Kituo hakitoi utambuzi wa kidaktari. Humpeleka mtoto hospitali, au katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, iliyoanzishwa mwaka 1986. Ripoti hiyo ndiyo msingi wa mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ambao walimu wa elimu maalum wanaujua vizuri na walimu wa kawaida wameusikia. Mpango ukishaandikwa na kutiwa sahihi, kikao kijacho kitalazimika kuanza na swali jipya: yaliyokubaliwa yalifanywa?

Mzazi ambaye barua ya nidhamu imemkuta kabla ya hayo yote bado hajachelewa. Anaweza kuomba mashtaka kwa maandishi na muda wa kuyasoma. Anaweza kuja na mtu wa kumsaidia, awe jirani anayejua kusoma Kiingereza cha shule, mwalimu mstaafu au kasisi. Anaweza kuomba kikao kiahirishe uamuzi hadi tathmini ifanyike, mtoto akiwa darasani. Na aandike yeye mwenyewe, hata kwa Kimeru au Kiembu, nani alisema nini. Heshima kwa mwalimu haipungui kwa kushika kalamu. Kinachoharibu utetezi ni mama kulia na kuomba msamaha kwa jambo ambalo hajalielewa, au baba kufoka na kutaja gazeti. Vyote viwili humwacha mtoto pale alipokuwa.

Naibu, akiona ripoti mezani, mara nyingi hulegea. Daftari lake halikuwa la uadui. Ndicho kitu pekee alichopewa. Tena daftari hilo likisomwa kwa jicho jingine ni hazina: saa za makosa huonyesha kwamba karibu yote hutokea baada ya saa tano, au katika somo la kunakili ubaoni, au siku ambazo mtoto hakunywa uji. Kitabu cha mashtaka hugeuka kuwa ramani ya mahali pa kusaidia.

Kikao kikiamua kumtoa mtoto licha ya hayo yote, njia haijafungwa. Malalamiko huenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Elimu lililoundwa na sheria ya mwaka 2013. Penye kipigo au ukatili, simu ya bure ya watoto ni 116, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo hupokea mashtaka. Mahakama Kuu zilizoko Meru na Embu ni njia ya mwisho. Kesi ikifika huko, mihula ya masomo haisubiri hukumu. Ndiyo sababu barua ile ya kwanza ina thamani zaidi kuliko wakili wa mwisho.

Linabaki suala la faili. Mtoto wa Gredi ya Tano atapita sekondari msingi, na tangu Januari 2026 anayefika Gredi ya Kumi huingia sekondari pevu, pengine ya bweni, pengine nje ya kaunti, kwa walimu wasiomjua. Anayepaswa kusafirisha habari ni mzazi, na habari yenyewe ni nakala ya ripoti ya tathmini, nakala ya mpango uliotiwa sahihi, na ukurasa mmoja wa mwalimu wa darasa unaoeleza ni ishara gani ilifanya kazi, aliketi wapi, na ni saa ngapi za siku zilizomshinda. Zitolewe kwa mkuu wa shule mpya siku ya kuripoti, kabla sanduku halijafunguliwa bwenini.